Maswali ya Wasomaji: Karakana, Vipuri na Vipimo

Barua za mwezi huu zimetoka Muhoroni, Nakuru, Kisumu, Kakamega na Awendo. Waliouliza wana kazi tofauti, lakini karibu wote walikwama mahali pamoja: kazi ilianza kukerezwa kabla fundi na mteja hawajakubaliana ni kipimo kipi hakina budi kuwa sawa, na kipi kinaweza kuachwa kilivyo.

Bei ya pini moja, na bei ya pini 500

*Hamjambo mafundi. Hapa Muhoroni nina trela tatu za kubebea miwa, na wenzangu wana zao. Pini za kuungia trela zinaisha haraka: kipenyo mm 30, urefu mm 120, na tundu la mm 6 la kotapini (kipini cha kuizuia isitoke) upande mmoja. Nilipompelekea mkerezaji wa Kisumu pini moja, alinitajia bei iliyonishtua. Nilipomwambia tunaweza kukusanya oda ya 500, kila moja ikashuka hadi theluthi. Je, alitaka kunila mwanzoni, au hizo 500 zitakuwa za hovyo?*

Yote mawili hapana, ndugu. Bei yake ina hesabu, na ukiielewa utajua hata namna ya kumbana.

Pini moja inamtaka fundi akate chuma, akifunge kwenye mashine, asawazishe ncha mbili, apime na kuchora alama ya tundu, apige senta, atoboe, kisha apitishe faili. Tuseme dakika 25, na hapo tumemhesabu mtu mwepesi. Oda ya 500 haifanywi hivyo. Kwanza ataweka stopa kwenye msumeno ili kila kipande kitoke na urefu uleule bila kupimwa. Ataweka stopa nyingine kwenye mashine ya kukereza. Halafu atatengeneza jigi ya kutobolea: kitalu chenye mfereji wa umbo la V ambamo pini inalala, ukuta wa kuizuia mwisho, na juu yake bushi ngumu inayoongoza drili. Maandalizi hayo yote tuyape saa 4, yaani dakika 240. Baada ya hapo kila pini inachukua dakika 6 hivi.

Sasa piga hesabu. Kwa pini 500, zile dakika 240 zikigawanywa hazifiki hata nusu dakika kwa kila moja, kwa hiyo pini inakula dakika 6 na nusu badala ya 25. Kazi nzima ni saa 54, au siku 7 za saa nane. Kwa mfano huu jigi inaanza kujilipa kwenye pini ya 13. Chini ya hapo, kufanya kwa mkono ni rahisi zaidi, na fundi anayekutoza jigi kwa oda ya pini 5 anakupotezea pesa. Kumbuka pia kwamba chuma chenyewe hakishuki namna hiyo. Pini moja inakula karibu gramu 700 za chuma, uagize moja au 500. Ndiyo maana muda umeshuka hadi robo lakini bei ikaishia theluthi.

Mahali pa kupunguza gharama zaidi ni kwenye ununuzi wa chuma. Muulize fundi kama anakusudia kununua chuma cheusi cha mm 32 akikereze hadi 30, au chuma cheupe kilichovutwa baridi ambacho tayari ni mm 30. Hicho cheupe kikiwa cha daraja la h9 (herufi na namba za namna hii hutaja nafasi ya kipimo inayoruhusiwa), kipenyo chake kiko kati ya mm 29.948 na 30.000. Kwa pini ya trela inayoingia kwenye tundu la mm 31, hiyo ni zaidi ya unavyohitaji. Hakuna haja ya kugusa mwili wa pini kabisa. Utalipia kukata, kusawazisha ncha, kuvunja kingo na kutoboa. Chuma cheupe ni ghali kidogo kwa kilo, lakini kukereza urefu wa mm 120 mara 500 ni ghali zaidi.

Idadi ya vyuma: kipande cha mm 120, ongeza mm 2 za kusawazisha ncha na mm 3 zinazoliwa na msumeno, jumla 125. Chuma cha mita 6 kinatoa vipande 48 kwenye karatasi, lakini ncha za chuma cha dukani hukatwa mshazari, kwa hiyo hesabu 47. Vyuma 11 vinakupa vipande 517. Hizo 17 za ziada usizione hasara, maana katika pini 500 kuna zitakazoharibika, na kurudi dukani kutafuta chuma kimoja kutakuchelewesha siku nzima. Uzito wa chuma cha mviringo unaupata hivi: kipenyo kwa milimita, zidisha kwa chenyewe, zidisha kwa 0.00617, unapata kilo kwa mita. Cha mm 30 ni kilo 5.55 kwa mita, kwa hiyo vyuma 11 ni kama kilo 366. Ukipewa risiti ya kilo 450, uliza.

Kinachoharibu oda za namna hii mara nyingi ni chembe za chuma ndani ya jigi. Pini ikilalia chembe ya nusu milimita, tundu linakwenda kando, na kotapini haipiti sawasawa. Jigi ipigwe brashi kila baada ya pini moja, wala si kila baada ya kumi. La pili ni mabaki makali kwenye mdomo wa tundu: pini inakataa kuingia, dereva anaipiga nyundo, na hapo ndipo kichwa chake kinapoharibika. Mwambie fundi midomo yote miwili ivunjwe kwa drili kubwa. La tatu ni kukabidhiana. Pini ya kwanza ikitoka, iende ikajaribiwe kwenye trela yenyewe kabla ya zile 499 kukatwa. Ikikubalika, itieni alama nyote wawili na ibaki kwako. Mzozo ukitokea baadaye, hiyo ndiyo shahidi.

Lazima CNC?

*Niko Nakuru. Nimeambiwa nikitaka vipande vingi vinavyofanana lazima nitafute karakana yenye mashine za CNC, zile zinazoongozwa na kompyuta. Ni kweli?*

Inategemea umbo. Pini, bushi, spesa na washa nene zinatoka vizuri kwenye mashine ya kawaida yenye stopa. CNC inalipa pale kipande kinapokuwa na mikunjo, ngazi nyingi za kipenyo, au mashimo mengi ambayo umbali kati yake ni lazima ulingane. Muulize mwenye karakana anavyolipisha programu: ilipwe mara moja tu, na ihifadhiwe kwa jina lako ili oda ya pili usiilipie tena. Na usidhani CNC haikosei. Kisu kikiisha, mashine itarudia kosa lilelile kwa uaminifu hadi mtu apime.

Beringi inayozunguka juu ya shafti

*Nina kinu cha kusaga chakula cha mifugo pembezoni mwa Nakuru. Beringi ni 6308. Tundu lake limeanza kuzunguka juu ya shafti. Fundi alijaza kwa welding akakereza, ikakaa wiki mbili ikaanza tena. Mwingine alipiga alama za senta pandi kuzunguka shafti ili beringi ishike, haikumaliza hata wiki. Nifanye nini?*

Hizo alama za senta pandi usizikubali tena popote. Zinainua vilima vidogo vya chuma, na beringi inashikwa na vilele hivyo tu. Vikisagika, na husagika upesi, umerudi ulikotoka.

Beringi 6308 ina tundu la mm 40, kipenyo cha nje mm 90 na upana mm 23. Kwenye kinu chako shafti ndiyo inayozunguka, kwa hiyo tundu la beringi lazima likae kwa kubana. Kipimo cha shafti kinachofaa ni k6, yaani kati ya mm 40.002 na 40.018. Upande wa nje unataka nyumba (kikalio cha beringi) ya H7, kati ya 90.000 na 90.035, ambamo beringi inaingia kwa kusukumwa na mkono. Mwandikie fundi namba hizo. Ukimwambia tu “ikaze vizuri”, yeye atapima anavyojua.

Sasa tutazame kwa nini kazi ya kwanza ilishindikana. Kipande kilichotoka kwenye welding na kukerezwa papo hapo kina joto. Chuma hutanuka kama mikroni 11.5 kwa kila mita kwa kila digrii. Shafti ya mm 40 iliyo na joto la digrii 30 juu ya hewa ya karakana imetanuka mm 0.014. Fundi akisoma 40.010 ikiwa moto, ikipoa inakuwa 39.996. Alisoma sawa, lakini alisoma mapema. Kipande kiachwe kipoe kabisa, hata kama ni hadi kesho yake, kisha pasi ya mwisho ikatwe kidogo kidogo. Na kipimo kisomwe kwa maikromita ya mm 25 hadi 50. Vania inayosoma 0.05 haiwezi kuamua jambo ambalo nafasi yake yote ni 0.016.

Kwa kinu kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika, ushauri wetu ni shafti mpya ya EN8, chuma chenye kaboni ya wastani. Welding hupinda shafti na kuacha ukanda mgumu kando ya ilipochomelewa, na nyufa huanzia hapo. Gharama ya kujaza, kunyoosha na kukereza upya haiko mbali na ya shafti mpya. Wakati inakerezwa, shafti ifungwe kati ya senta mbili na viti vyote viwili vya beringi vikatwe bila kuifungua. Ikigeuzwa katikati ya kazi, huenda viti visiwe kwenye mstari mmoja. Pembe ya ngazi ambapo beringi inasimama iwe na mduara wa nusu kipenyo kisichozidi mm 1.5, la sivyo beringi itaegemea mduara badala ya ukuta. Mfereji wa kii kwenye sehemu ya puli yenye mm 40 ni wa upana wa mm 12 na kina cha mm 5, kwa kii ya 12 kwa 8. Wakati wa kufunga, beringi ipashwe moto ndani ya mafuta hadi digrii 80 au 100. Itateleza yenyewe mahali pake, na hakuna atakayeipiga nyundo.

Bado kuna nyundo za kinu zenyewe, na tunashuku ndizo zilizoanzisha tatizo. Safu zinazotazamana ni lazima ziwe na uzito sawa. Tofauti ya gramu 5 tu, ikiwa umbali wa sm 20 kutoka katikati ya shafti kwa mizunguko 3,000, inavuta shafti kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 10, na inageuka upande mara 50 kila sekunde. Hakuna beringi itakayostahimili hilo muda mrefu. Unapoagiza nyundo mpya, agiza seti nzima kwa karakana moja kutoka bamba moja. Zipime kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu, zipange kwa jozi, na nzito ipigwe grinda kwenye ncha hadi zilingane. Ikivunjika moja, badilisha na mwenzake wa upande wa pili.

Bushi 1,000 bila kupima kila moja

*Mimi ni mama mwenye karakana ndogo Kisumu, nina mashine mbili za kukereza na vijana watatu. Nimepata oda ya bushi 1,000, tundu la mm 30 H7, nje mm 40. Kupima kila moja kwa maikromita ya ndani kutatumaliza. Nikipima chache tu naogopa kurudishiwa mzigo.*

Mama, hongera kwa oda. Huhitaji maikromita ya ndani kwa kila kipande. Unahitaji geji ya ncha mbili: upande mmoja mm 30.000, ambao lazima uingie, na upande wa pili 30.021, ambao ni lazima ukatae. Kijana anajaribu ncha zote mbili kwa sekunde chache na hasomi namba yoyote. Maikromita itumiwe na mtu mmoja tu, anayekagua kipande kimoja katika kila 20.

Kanuni ya kila 20 ina masharti yake. Kipande cha 40 kikitoka vibaya huku cha 20 kikiwa kizuri, basi vyote kuanzia 21 hadi 40 ni vya kushukiwa na vinapitiwa kimoja kimoja. Hili haliwezekani kama vyote vimetupwa kwenye ndoo moja. Weka trei za vipande 20, zipewe namba, na trei isichanganywe na nyingine hadi ikaguliwe. Karakana nyingi zinarudishiwa mzigo mzima kwa sababu ya vipande 15 ambavyo hakuna awezaye kuvitenga.

Jua pia kisu kinaelekea wapi kinapoisha. Kisu cha ndani kikilika, tundu linapungua. Cha nje kikilika, kipenyo kinaongezeka. Kwa hiyo unapoanza, weka tundu karibu na upande wa juu, tuseme 30.015, na nje karibu na upande wa chini wa kipimo ulichopewa. Hapo unapata vipande vingi zaidi kabla ya kugusa mashine. Ukiamua kumalizia kwa rima (kifaa cha kusawazisha tundu hadi kipimo), acha mm 0.2 hadi 0.3 za kuondolewa. Ukiacha pungufu, rima inasugua badala ya kukata. Ukiacha zaidi, tundu linatoka na mikwaruzo.

Jihadhari na taya tatu za mashine. Bushi yako ina ukuta wa mm 5 tu. Taya zikikazwa sana, bushi inabanwa sehemu tatu, kisu kinakata tundu la duara safi, kisha taya zikilegezwa bushi inarudi na tundu linabaki na pembe tatu zisizoonekana kwa macho. Kipimo cha nukta mbili hakioni kosa hilo, maana kipenyo kinasomeka sawa kila upande. Geji ndiyo inayokataa kuingia. Dawa yake ni kukereza taya laini ziwe na duara la mm 40 lenyewe ili zishike bushi pande zote, au kukata tundu na nje kwa kufunga mara moja kutoka kwenye chuma kirefu, kisha kipande kikatwe mwisho.

Usiruhusu geji iingizwe kwenye bushi iliyotoka kwenye mashine sasa hivi. Ikiingia kwenye bushi ya moto, bushi ikipoa inaibana na utaharibu vyote viwili. Jambo la mwisho, mpigie simu mteja leo umuulize bushi zitaingizwa wapi. Kama zitasukumwa kwa presi ndani ya habu, tundu litajibana zikishaingia, na hiyo H7 yako haitakuwepo tena. Huenda anachohitaji ni tundu dogo kidogo, litakalopitishwa rima baada ya kufungwa.

Gia ya zamani isiyokubali gia mpya

*Kinu chetu cha sukari guru huku Kakamega kina gia ya meno 24, kipenyo cha nje kama mm 82.5. Fundi alikata mpya ya moduli 3.25, inagongagonga na kupata joto. Kosa ni nini?*

Fundi alitumia njia sahihi ya moduli, yaani kipimo cha ukubwa wa jino kwa milimita: kipenyo cha nje, gawanya kwa meno jumlisha 2. Yaani 82.5 kwa 26, unapata 3.17. Hapo angesita, kwa sababu 3.17 si moduli ya kawaida, na kuisogeza hadi 3.25 ni kulazimisha. Mitambo mingi ya zamani katika ukanda huu, tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, ililetwa kutoka Uingereza, na gia zake zilikatwa kwa mfumo wa inchi. Jaribu hivi: 82.5 ni inchi 3.25. Meno jumlisha 2, gawanya kwa inchi hizo: 26 kwa 3.25, unapata 8 kamili. Gia yako ni ya DP 8 (meno 8 kwa kila inchi ya kipenyo cha pale meno yanapokutana), sawa na moduli 3.175. Tofauti inaonekana ndogo, lakini nafasi ya jino hadi jino ni mm 9.975 kwa DP 8 na mm 10.21 kwa moduli 3.25. Kila jino linafika mahali ambapo mwenzake hayupo.

Kabla ya kukata tena, chunguza pia pembe ya mgandamizo, yaani mlalo wa ubavu wa jino. Gia za zamani mara nyingi ni digrii 14 na nusu, za sasa digrii 20, na hizo mbili hazikai pamoja hata meno yakilingana. Fundi atumie kisu cha kukatia gia za meno 21 hadi 25. Kwenye kigawanyo (kifaa cha kugawanya duara) cha 40 kwa 1, meno 24 yanataka mzunguko 1 wa mkono wake na mashimo 10 kwenye duara la mashimo 15. Kama gia mwenzake imelika hadi meno yamechongoka, kata zote mbili, maana iliyochakaa itaila mpya. Na boliti za kinu hicho zikague vilevile: hesi ya Uingereza ya nusu inchi ina nyuzi 12 kwa inchi, ya Marekani ina 13. Nati itaingia mizunguko miwili mitatu kisha ikwame, na mwenye spana ndefu atailazimisha.

Pini iliyokatika na pini iliyopinda

*Awendo. Pini za EN8 zilitiwa moto zikazamishwa majini, ya kwanza ikakatika siku ya pili. Nyingine za chuma laini zilifanyiwa vivyo hivyo, zikapinda tu.*

Chuma laini cha kawaida kina kaboni chini ya asilimia 0.25. Kizamishe utakavyo, hakitakuwa kigumu cha kutosha; kinahitaji kwanza kulishwa kaboni kwenye ngozi yake kwa saa kadhaa, kwenye joto la digrii 900 na zaidi. EN8 ina kaboni karibu asilimia 0.4, kwa hiyo inashika ugumu, lakini ikiachwa hivyo baada ya kuzamishwa huvunjika kwa kishindo kidogo. Baada ya kuzamishwa kutoka digrii 830 hadi 860, ni lazima irudishwe kwenye tanuri siku hiyohiyo, digrii 550 hadi 650, ikae kama saa moja kwa pini ya mm 30. Usikubali kazi ya kukisia kwa rangi ya buluu ya mafundi wa patasi. Hiyo ni karibu digrii 300, na katika kiwango hicho pini bado ni rahisi kuvunjika. Karakana isiyo na tanuri yenye kipima joto isiguse pini za trela.

Kama tanuri hiyo haipatikani karibu, tumia EN8 kama ilivyonunuliwa, bila moto wowote. Itachakaa mapema zaidi, lakini itapinda kabla ya kukatika, na dereva atapata kuiona. Na popote itakapotiwa moto, mdomo wa tundu la kotapini uvunjwe kwanza, maana ufa huanzia kwenye kingo kali ya tundu hilo.